TAJIRI WAKE NI NANI?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu wa reli mbele ya wanachama na jirani zao mtaani Tena, Nairobi, juu ya vijana wanaofanya kazi ya kuandika sauti za ng'ambo. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni nikaishia hapo, na kazi yangu ni kutengeneza njia ya reli, yaani kokoto, mataruma na misumari. Huenda wengine wenu mnaulizana, je, mtu wa mataruma anajua nini juu ya kazi za kompyuta? Nami najibu kwamba juu ya kompyuta najua kidogo sana, lakini juu ya kibarua najua. Na hicho ndicho nilichokuja kukisema.

Siku za zamu ya alfajiri mimi hutoka nyumbani saa tisa na nusu usiku. Nikipita katikati ya nyumba za hapa Tena kuelekea Outer Ring Road, naona madirisha yenye mwanga, moja ghorofa ya pili, moja ya nne, moja ya tano. Zamani ningalidhani kuna mgonjwa au kuna msiba. Siku hizi najua kwamba ni kijana amekaa na vifaa masikioni, anasikiliza maneno ya mtu wa Marekani asiyemjua, naye anayaandika neno kwa neno. Katika nyumba yangu mwenyewe yumo mmoja wa namna hiyo, mdogo wangu wa kike. Ameniruhusu kuyasema mambo yake, na amekaa pale nyuma.

Kwanza niwaeleze wazee kazi yenyewe. Daktari wa ng'ambo husema habari za mgonjwa katika kinasa sauti. Wakili humhoji shahidi. Mwalimu wa chuo kikuu hufundisha, na kampuni hufanya mkutano. Sauti hizo huja huku kwa njia ya intaneti, na vijana wetu huzigeuza kuwa maandishi, kisha maandishi hurudi kule yalikotoka. Wao wenyewe huiita kazi hiyo transkripsheni. Ni kazi ya karani, wala si mchezo kama baadhi yetu tunavyodhani tukimwona kijana amekaa kitini mchana kutwa. Inataka Kiingereza safi, masikio makini, vidole vyepesi na mgongo wenye saburi.

Kazi hiyo ilifikaje Tena? Mwaka 1990 isingaliweza kufika. Lakini mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano, TEAMS na SEACOM, zilipita chini ya bahari zikatokea Mombasa, na tangu hapo intaneti ikawa ya haraka na bei yake ikaanza kushuka. Wenye kazi ng'ambo wakaona kwamba Kenya wako vijana waliosoma kwa Kiingereza, hawana ajira, na mshahara wao ni mdogo kuliko wa kwao. Serikali nayo ikawahimiza vijana. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa Ajira Digital, na transkripsheni ikawa miongoni mwa kazi wanazofundishwa.

Sitasema kwamba kazi hii ni mbaya. Huo utakuwa uongo. Iko nyumba katika mtaa huu ambayo kodi yake hulipwa kwa kazi hii, na wako watoto waliovaa viatu vya shule kwa sababu yake. Kijana aliyekaa miaka mitatu na cheti chake sandukuni alipata kitu cha kufanya. Haifai kuitukana kazi iliyomlisha mtu.

Tena tukumbuke kwamba huku kwetu ilikofika, kuna mahali ilikotoka. Kule Marekani walikuwako watu wengi, zaidi wanawake, waliopata riziki kwa kuandika maneno ya madaktari. Kazi ile ikaanza kutumwa India, Filipino na Pakistani. Wenzetu wale waliambiwa, "Wako watu wa mbali wanaoweza kufanya kwa bei ndogo, basi punguzeni bei yenu." Na sisi tukaambiwa, "Shukuruni, maana wako wengine wengi wanaoitaka." Fimbo ni ile ile moja, imetupiga sisi na wao. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akasema kwamba adui yake ni mwandishi wa Marekani au wa Manila.

Sasa tuje kwenye fedha. Mfanya kazi wa transkripsheni kwa kawaida halipwi kwa saa alizofanya kazi. Hulipwa kwa dakika za sauti. Angalieni tofauti hiyo, maana humo ndimo hesabu inamopotelea. Tuseme dakika moja ya sauti inalipwa senti 30 za dola. Saa nzima ya sauti italeta dola 18. Mtu akisikia anasema, "Dola 18 kwa saa! Mimi wa reli nitaacha nyundo kesho." Lakini saa moja ya sauti iliyo safi humchukua mwandishi mzoefu kama saa nne kuiandika. Ikiwa wasemaji ni watano wanaokatizana maneno, au kuna kelele za gari, itamchukua saa sita au zaidi. Hapo dola 18 zimekuwa dola 3 kwa saa. Bado hajatoa fedha ya bando, bado hajalipa tokeni za stima, bado hajanunua kompyuta, ambayo ni yake mwenyewe. Sisi wa reli hatuji kazini na mataruma yetu kutoka nyumbani. Yeye huja nayo.

Bado pia hajamlipa mtu wa katikati, na hapa nataka tutulie kidogo.

Mwaka 2003 lilitokea jambo lililoandikwa sana katika magazeti ya Marekani. Hospitali ya Chuo Kikuu cha California, huko San Francisco, ilitoa kazi ya kuandika habari za wagonjwa kwa kampuni moja ya karibu. Kampuni ile ikampa sehemu ya kazi mwanamke wa Florida. Yule wa Florida akampa mtu wa Texas. Yule wa Texas akampa mwanamke mmoja wa Karachi, katika Pakistani. Kila mkono ulipopita, fedha ilipungua. Mwishowe mama wa Karachi akasema hajalipwa fedha anayodai. Akaiandikia hospitali akisema kwamba asipolipwa atazitoa habari za wagonjwa hadharani, na akaambatisha karatasi kuonyesha kwamba kweli anazo. Hospitali ikashtuka, maana haikujua kwamba siri za wagonjwa wake zimefika Karachi.

Simsifu mama yule kwa kutishia siri za wagonjwa, maana wagonjwa hawakumkosea. Lakini tazameni. Alikuwa amefanya kazi, na mwenye kazi hakujua kwamba yeye yupo duniani. Mpaka alipoleta tisho, hapakuwa na mtu aliyemtambua kuwa ni mfanya kazi.

Mambo ya Karachi yako hapa hapa Tena. Yako makampuni ambayo hayapokei maombi ya kazi kutoka nchi yetu. Basi hutokea mtu mwenye akaunti iliyokubaliwa, akawakodishia vijana. Kijana anafanya kazi, jina linaloonekana kule ni la mtu mwingine, fedha hupita kwa mwenye akaunti, naye hukata nusu na pengine zaidi. Mdogo wangu alifanya hivyo. Alifanya kazi siku 19 usiku na mchana, akiweka akiba ya karo ya chuo. Siku ya 20 akaunti ikafungwa. Mwenye akaunti akasema hajalipwa, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mdogo wangu akaiandikia kampuni, akajibiwa kwamba mtu wa jina lake hafahamiki kwao. Karo ikapotea, na muhula ule hakuingia chuoni.

Naungama mbele yenu kwamba kabla ya hapo alikuwa akilalamika, nami nilikuwa nikimwambia, "Shukuru Mungu una kazi." Jioni ile alinitazama akaniuliza, "Kaka, sasa nimshtaki nani?" Sikuwa na jibu. Mimi ninayelipa ada ya chama kila mwezi, ninayejua kupeleka malalamiko kwa katibu wa tawi, nilinyamaza kimya.

Swali lile ndilo lililonileta hapa. Mtu wa kazi kama hii, tajiri wake ni nani?

Sisi watu wa reli swali hilo si geni kwetu. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mkataba ule ukakatwa. Wazee wetu waliokuwapo wanajua ilivyo kulala mtumishi wa mmoja ukaamka mtumishi wa mwingine. Lakini angalau reli yenyewe haikuhama. Iko pale pale Makadara, iko pale Donholm, huwezi kuikunja ukaipeleka nchi nyingine. Kazi ya kijana wa transkripsheni huhamishwa kwa kidole kimoja.

Na imekwisha kuhamishwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 kampuni ya Rev ya Marekani ilipunguza malipo yake ya chini kutoka senti 45 kwa dakika mpaka senti 30, na waandishi hawakuketishwa mezani kwanza. Mwezi wa Septemba mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu iitwayo Whisper, ambayo husikiliza sauti na kuandika yenyewe. Tangu mashine za namna hiyo zitokee, vijana wengi hupewa maandishi ya mashine wayasahihishe, na bei ya kusahihisha ni ndogo kuliko bei ya kuandika, ingawa yawapasa kuisikiliza sauti yote vile vile. Na mwezi wa Machi mwaka 2024 mtandao wa Remotasks, uliokuwa ukiwapa vijana wa Kenya vibarua vya kufundisha mashine, uliifunga kazi yake katika nchi hii. Watu wakaarifiwa kwa barua pepe. Hakuna aliyetolewa langoni, maana hapakuwa na lango.

Ndugu zangu, neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Babu zetu wa bandarini Mombasa walikuwa vibarua. Meli ikija wanaitwa, meli ikiondoka wanalala njaa. Mwenye meli hakuwajua, aliwajua nyapara. Waliambiwa ndiyo asili ya kazi ya bandari, haiwezi kuwa namna nyingine. Lakini mwezi wa Januari mwaka 1947 watu wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, wa bandari na wa reli pamoja, na kutoka hapo kikatokea chama cha African Workers' Federation chini ya Chege Kibachia. Serikali ikamkamata mwaka ule ule. Mwaka 1955 watu wa bandari wakagoma tena, Tom Mboya akaenda kusaidia kusuluhisha, na mishahara ikaongezwa. Katika miaka ile ya 1950 vibarua wa bandari wakaandikishwa, na wengi hatimaye wakawa wafanya kazi wa kudumu. Jambo lililosemwa kuwa haliwezekani likawezekana, na mwanzo wake ulikuwa kujulikana. Mtu aliyeandikwa jina hawezi kuambiwa, "Wewe hatukufahamu."

Je, kwa vijana wa kompyuta jambo hili limeanza? Limeanza, na limeanza hapa Nairobi. Wako wenzao waliofanya kazi ya kuchuja picha na maneno mabaya ya Facebook, chini ya kampuni ya Sama. Mwezi wa Mei mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Sama na pia Meta, yenye Facebook, katika mahakama yetu. Mwaka 2023 wengine zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Meta ilijibu kwamba haifanyi biashara Kenya wala haikuwaajiri watu hao, kwa hiyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo, ikasema kesi zinaweza kusikilizwa hapa. Huko ndiko kuanza kulijibu swali la mdogo wangu. Kukaa nyuma ya mkandarasi hakutoshi kumficha mwenye kazi.

Mwezi wa Januari mwaka 2023 gazeti la TIME lilionyesha mfano mwingine. OpenAI ilikuwa imekubaliana kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa kwa kazi fulani, na wafanya kazi wa Nairobi walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2. Nawaachia wenyewe mfanye hesabu ya kutoa. Na siku ya Mei Mosi mwaka 2023 zaidi ya wafanya kazi 150 wa kazi hizi walikutana hapa mjini wakapiga kura ya kuunda chama chao.

Lakini tusilale. Mwaka 2024 katika Seneti palitokea mswada wa kurekebisha sheria za biashara, uliotaka madai ya wafanya kazi wa namna hii yamwangukie mkandarasi wa hapa peke yake, na yule wa ng'ambo aachwe. Mahakama inafungua mlango, na wengine wanatafuta kufuli.

Najua hoja mtakayoniletea, maana nimeisikia hata katika matatu. Mtu husema, "Tukidai sana, kazi itakwenda nchi nyingine." Ni hoja nzito, siidharau. Mtu mwenye mtoto mgonjwa hawezi kuambiwa tu awe jasiri. Lakini nauliza, walipopunguziwa bei mwaka 2019, walikuwa wamegoma? Ilipofungwa Remotasks mwaka 2024, nani alikuwa amedai? Mdogo wangu alinyamaza siku 19, na kunyamaza kwake hakukumlinda hata siku moja. Kazi hii huondoka tukisema na huondoka tukinyamaza. Afadhali basi iondoke ikiwa imetulipa.

Mwisho, nataka kutoa mashauri manne.

La kwanza, kila kijana awe na daftari. Aandike tarehe, dakika za sauti alizopewa, saa alizofanya kazi, fedha aliyolipwa, na jina la aliyempa kazi. Sisi wa reli zamu zetu zimeandikwa. Mtu asiye na maandishi hana kesi.

La pili, juu ya akaunti za kukodi. Kama mnaweza kuziacha, ziacheni. Kama njaa inawasukuma, msikubali bila karatasi yenye majina, namba za vitambulisho na mashahidi wawili. Mtu anayekataa kutia sahihi amekwisha kuwaambia nia yake.

La tatu, msikae kila mmoja na dirisha lake. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 humlazimisha mwajiri kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Tatizo lenu ni kwamba hamjui mko wangapi. Basi anzeni kwa kuhesabiana, jengo kwa jengo. Na mnapopata njia ya kusemezana na waandishi wa Manila na wa Marekani, semezaneni nao, mwambiane bei mnazolipwa. Tajiri anayewalinganisha ninyi kwa ninyi anategemea kwamba hamtasemezana.

La nne ni ombi kwako, Bwana Mwenyekiti. Naomba tawi letu litenge jioni moja kila mwezi, meza moja na karani mmoja, ili kijana yeyote wa mtaa huu mwenye dai la mshahara asikilizwe na aonyeshwe pa kulipeleka, hata kama si mtu wa reli. Tena naomba mkutano huu upitishe neno hili, kwamba kila kampuni inayopokea kazi ya ng'ambo na kuigawa hapa imwambie mfanya kazi jina la mwenye kazi, na mwenye kazi huyo awajibike kwa mshahara usiolipwa. Hatudai gari wala nyumba. Tunadai jina.

Wako wanachama watakaosema ada zetu si za kuwasaidia wasiolipa ada. Nawaomba wafikiri. Watu wa reli na wa bandari waligoma pamoja mwaka 1947, na hakuna aliyeuliza risiti ya mwenziwe. Na watoto wetu hawatatengeneza reli wote. Wengi wao watakaa kwenye yale madirisha.

Mdogo wangu ameanza upya. Sasa ana daftari, na wiki iliyopita alinionyesha ukurasa wa kwanza. Safu ya tarehe imejaa, safu ya dakika imejaa, safu ya saa imejaa. Safu ya jina la tajiri bado ni tupu. Naomba tumsaidie kuijaza.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya hotuba hii, Bwana Mwenyekiti aliruhusu maswali. Ombi la meza ya kila mwezi litajadiliwa katika mkutano ujao wa tawi. Wanachama wote mnaombwa kufika.)